Kampuni Iliyofiwa

Kampuni yangu niliifahamu kama namba. Ilikaa kwenye kona ya juu ya simu, ikipanda kidogo na kushuka kidogo, na mimi niliishi chini yake. Nikiamka niliitazama kabla sijanawa uso. Nikila niliiweka simu karibu na sahani ya bukari, ugali wa kwetu, na mama alikuwa akiisukuma kwa kiwiko akisema chakula hakiliwi na wageni wasionawa mikono.

Namba ile ilikuwa joto la ndani ya sanduku la mbao lililokuwa Ndola, nchini Zambia, nchi ambayo sikuwa nimewahi kuikanyaga. Ndani ya sanduku mlikuwa na mayai ya kuku. Mayai yalikuwa ya kampuni, na kampuni ilikuwa yangu, imesajiliwa kwa jina langu katika nchi ya watu. Mimi nilikuwa Lubumbashi, Kongo, mtaa wa Bel-Air, katika chumba nilicholala na binti za shangazi waliokimbia vita, na kila nikiitazama ile namba mwili ulinisisimka. Mahali fulani, nyuma ya mpaka, palikuwa na giza dogo lenye joto ambalo lilikuwepo kwa sababu mimi nililiwaza.

Nilijifunza peke yangu. Chuo nilikiacha mapema, biashara ya baba ilipoanza kuyumba, na baada ya hapo walimu wangu walikuwa watu wa kwenye video, ambao wengine sikuelewa lugha yao, nikaangalia mikono yao tu. Mtu anayejifunza peke yake ana taabu moja: hana wa kumwambia kwamba sasa inatosha. Nilichora lile sanduku mara nyingi mno. Nilijua upana wa kila tundu la hewa. Nilijua unyevu, nilijua kugeuza mayai, nilijua nyuzi thelathini na saba na nusu kama watu wengine wanavyojua jina la mtakatifu wao. Na bado nilikuwa na hofu.

Kwa nini Zambia? Kwa sababu mayai mazuri yenye mbegu yalikuwa kule, na dawa za vifaranga zilikuwa kule, na kwetu wakati huo hakukuwa na mtu aliyetotolesha kwa uhakika. Wanawake wa mtaa wa Katuba waliofuga kuku kwenye parseli zao, yaani viwanja vya nyumba, walikuwa wananunua vifaranga waliopitia mikononi mwa wachuuzi wengi, na nusu ya boksi ilifika imelala kichwa chini, imekufa. Nikawaza: kwa nini nisiwe na mashine yangu kule kule, niiendeshe nikiwa hapa?

Niliisajili kampuni kwa simu, nimekaa juu ya gunia la maharage katika depo ya baba. Nilidhani ile nchi itaniuliza mimi ni nani, mtoto wa nani, nimesomea wapi. Haikuuliza. Ilitaka jina la kampuni, anwani, na mkurugenzi mmoja anayeishi kule. Siku kibali kilipotokea kwenye kioo cha simu nilikisoma kwa sauti kwa magunia, maana hapakuwa na mtu mwingine.

Mkurugenzi alikuwa mama mdogo. Yeye na mama yangu ni watoto wa dada wawili, na mpaka umepita katikati ya ukoo wao kama uzi unavyopita kwenye kitambaa. Tulimwita Mama wa Ndola. Mjane, mwenye nyumba kubwa na chumba kitupu uani. Seremala wa kanisa lao alitengeneza sanduku kufuata mchoro wangu, nikatuma kipimajoto chenye laini yake ya simu na kibetri chake, na paneli ya jua, na betri kubwa. Nilimwandikia pia mwongozo: namna ya kunawa kabla ya kugusa yai, namna ya kuligeuza, hata namna ya kuitika mteja akipiga simu. Kila nikituma ukurasa alinijibu kwa sauti ile ile ya upole, "Nimesikia, mama." Sikuweza kujua kama aliufuata au la. Ukweli ni kwamba ningeweza kwenda kuona. Ni safari ya siku moja tu ukiwahi asubuhi. Lakini nilijiambia nitaenda kila kitu kikishakuwa sawasawa, na mtu wa aina yangu hafiki siku hiyo.

Mara za kwanza mayai yalitotoa vizuri. Vifaranga walivuka na gari la asubuhi, wanawake wa Katuba wakanipigia simu wakisema, "Hii sasa ndiyo kuku!" Nikaanza kutembea nimenyoosha mgongo.

Kisha mambo yakaanguka, moja juu ya jingine.

Baba yangu ni mtu wa Kivu ya Kaskazini. Depo yake iliishi kwa bidhaa za kwao, na mji wa kwao ulipochukuliwa na waasi, ghala lake la kule likachukuliwa pia, pamoja na barabara, pamoja na ndege, pamoja na benki. Ndugu wakaanza kufika Bel-Air baada ya mizunguko mirefu, wengine wakiwa na mfuko mmoja. Nyumba ikajaa mpaka kwenye korido. Baba alifunga depo. Lakini kila asubuhi alivaa shati safi, akalifunga mpaka kifungo cha juu, akakaa kwenye kiti karibu na mlango kama mtu anayesubiri dereva.

Mwaka huo huo mvua iliikataa Zambia. Mahindi yalikauka mashambani, bwawa la umeme likapungukiwa maji, na Ndola ikawa inapata umeme kwa saa chache, tena kwa kubahatisha. Kwetu pia umeme ulikuwa wa kuvizia, na unga, ambao tumezoea kuuona ukitoka upande ule, ukawa kitu cha kuambiana kwa kunong'ona: nenda fulani, mara moja, kabla haujaisha. Halafu, katikati ya kipupwe, serikali mbili zikagombana kuhusu bidhaa, na mpaka ukafungwa.

Wakati mpaka unafungwa, mayai yalikuwa sandukuni tayari, yameshapita nusu ya safari yake. Tulikuwa tumeweka humo kila tulichobakiwa nacho, hata cherehani ya mama ilikuwa imeuzwa. Mayai yale yakifa, hapakuwa na ya kuanzia tena. Kampuni ingekuwa karatasi tu, na ile nyumba yenye watu mpaka korido isingekuwa na mlango mwingine wa kugonga. Hakuna aliyenitamkia hivyo. Lakini nilimwona baba, akiwa na shati lake, anajifanya hatazami simu yangu.

Asubuhi moja mama alipokea simu kutoka Ndola, akakaa chini sakafuni kabla ya kuanza kulia. Kaka yake Mama wa Ndola amefariki. Kwa watu wa mama, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, kaka huyo ndiye aliyekuwa nguzo ya wote. Alikuwa mjomba wangu. Mama hakuweza kuvuka kumzika. Kwa hiyo kilio kikawekwa kwetu pia: magodoro yakatolewa uani, wanawake wa mtaa wakaja na mikeka, makaa yakawashwa.

Nakiri kilichopita kichwani mwangu. Kabla ya mjomba, kabla ya machozi ya mama, nilijiuliza ni nani atageuza mayai. Nikaandika ujumbe wa rambirambi kwa Mama wa Ndola, nikausahihisha mara kadhaa mpaka ukawa hauna kosa hata moja, na chini yake, kwa heshima zote, nikaongeza maelekezo kwa yeyote atakayeshika zamu. Hapakuwa na jibu.

Siku iliyofuata namba ikaanza kushuka. Si kwa ghafla. Ilishuka kama maji yanavyoshuka kwenye pipa lenye ufa. Betri ilipaswa kushikilia. Nilipiga simu ya kampuni, iliyokaa nyumbani kwa Mama wa Ndola, ikaita, ikaita, kisha ikapokelewa na sauti ya mwanamke mzee ambaye sikumjua. Nyuma yake palikuwa na kwaya.

"Nani anasumbua wafiwa?"

Nilimsalimu kwa Kibemba cha heshima, kile ambacho mama alitufundisha tukiwa wadogo, cha kupiga makofi taratibu. Nilipiga makofi hata kwenye simu.

"Ni mimi wa Lubumbashi, mama. Mtoto wa dada yao. Yule mwenye... mwenye mayai."

"Aaa! Mwenye mayai! Mtoto wa mvua!" Alicheka vibaya. "Nyinyi watu wa mvua hamna haya hata kidogo. Mwaka mzima mmekataa kunyesha, mahindi yamekufa, umeme umekufa, kaka yenu mmemuua kwa ubahili, halafu unapiga simu kuulizia mayai? Yai ni wewe! Tazama kichwa!"

Hakuwa akiniona. Hata hivyo nilijishika kichwa.

"Samahani sana, mama. Ni betri. Naona joto linashuka, nadhani betri..."

"Betri inaimba. Husikii?"

Nilisikia. Ile kwaya haikuwa ya watu. Ilikuwa spika kubwa, na spika ilikuwa inakula umeme wa mayai yangu.

"Tafadhali, mama. Nawaomba kwa heshima yote, muirudishe kidogo tu, nitawashukuru sana."

Sauti yake ikapoa.

"Unaniomba kwa heshima."

"Ndiyo, mama."

"Mimi?"

"Ndiyo, mama, na kama nimewakosea, samahani..."

"Basi wewe si mtu wa hapa," akasema, na akakata.

Nilipiga tena, akakata. Nikaandika ujumbe mrefu, mzuri, wenye aya. Namba ikashuka. Nilijiona kwenye kioo cha dirisha nikiwa nimeng'ata kidole kama mtoto. Niliamini kwamba mtu mgeni ameingia kwenye kampuni yangu na kuiteka, na kwamba mwanamke yule ni mwizi wa misibani, na nilikuwa nimeanza kutafuta namba ya polisi wa Ndola nilipoenda kumwambia mama.

Mama alikuwa kwenye mkeka, sauti imekwisha kwa kulia.

"Ule mama ni wa ukoo gani?" akauliza.

"Mi sijue. Ananiita mutoto ya mvua. Anasema shiye ndiyo tulikatala kunyesha."

Mama akaweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani kilio kimemrudia, nikainama kumshika, kumbe anacheka.

"Ni wa uyoga!" akawaambia wanawake. "Bakubwa, ni wa uyoga ule! Njo munungwe wetu!"

Wale wenye asili ya upande ule walicheka naye, na ndipo nikaelezwa jambo ambalo, kwa kulelewa mjini na baba wa kabila jingine, sikuwa nimelifahamu kamwe. Ukoo wetu ni wa mvua. Ukoo wa uyoga ni watani wetu, ndiyo maana ya munungwe, kwa sababu uyoga hauoti bila mvua, na mvua bila uyoga hainyeshei kitu cha kuliwa. Anapokufa mtu wa mvua, watu wa mvua hukaa chini. Hawapiki, hawachoti maji, hawafungui mlango. Mtani ndiye anayeishika nyumba. Anachimba kaburi, anapika, anachukua anachotaka, anatukana wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi. Nyumba ya Mama wa Ndola ilikuwa mikononi mwake. Na chumba cha uani kilikuwa sehemu ya nyumba.

Kampuni yangu, ambayo niliandika mwongozo kwa kila hali niliyoweza kuiwaza, ilikuwa imefiwa. Na mtani ameishika.

"Anakutukana, weye unarudisha," mama akasema. "Ukisema 'tafazali,' unamufukuza. Ni kama unamuambia: weye si mutu wetu, toka mu kilio yetu."

"Nitukane muzee, mama?"

"Umutukane muzuri. Usinipatishe haya."

Nilichukua karatasi. Mama akaniuliza naandika nini. Nikamwambia naandaa. "Matusi haiandikwe!" akasema, akaninyang'anya kalamu. Basi nikafundishwa pale pale uani, mbele ya masufuria. Kila mwanamke alichangia tusi lake, na kila nililolirudia walilikataa: sauti ndogo, unaomba kazi au unatukana? Baba akatokea mlangoni na shati lake safi. Ni mtu wa kanisa, mtu wa sauti ya chini.

"Mu nyumba yangu munafundisha mutoto matusi?"

"Nyamaza, baba yao," mama akajibu. "Ni ya kazi."

Baba alimtazama mama, akanitazama mimi. Kisha kicheko kikamtoka puani, kifupi, kama mtu aliyepaliwa. Sikuwa nimekisikia tangu mji wa kwao uchukuliwe.

Nikapiga simu.

"Haloo?"

"Wewe uyoga uliooza!"

"Nani huyo?"

"Mvua! Bila mimi ungeota wapi? Kichwa kikubwa, mguu mmoja, umesimama juu ya samadi unajidai una mwavuli! Toa mikono yako kwenye betri yangu, mwizi wa wafu!"

Sauti yangu ilipasuka kwenye neno la mwisho. Nilifumba macho. Niliona aibu yote ya ukoo wangu ikinipitia. Halafu ukaja mlio ambao sikuutambua mara moja kuwa ni kicheko, maana ulianza mbali na simu.

"Njooni! Njooni msikie! Mvua ya Kongo imenyesha!"

Nikasikia watu wakikusanyika, nikaambiwa nirudie, nikarudia, wakapiga vigelegele. Kisha mwanamke yule akaishika simu karibu na mdomo, na sasa alizungumza nami kama mtu anavyozungumza na mtoto wa nyumbani.

"Betri sikupi. Marehemu alipenda kwaya, ataondoka na kwaya. Lakini sema, unataka nini hasa? Joto?"

"Joto."

"Joto hapa liko tele. Mioto inawaka uani tangu jana. Joto la namna gani? La chungu, au la mtu?"

Hilo nililijua. Nililijua kuliko chochote. "La mtu," nikasema. "La mtu ambaye homa ndiyo inaanza."

"Sasa umesema kitu."

Walichukua chupa tupu za soda, zilizokuwa nyingi kama kawaida ya msiba, wakazijaza maji ya moto kutoka kwenye masufuria ya kupikia waombolezaji, wakazifunga kwa vitenge na kuzipanga ndani ya sanduku pande zote. Mimi niliangalia namba. Ilisimama. Ikafikiri. Ikaanza kupanda. Nikawa nasema "inapanda, inapanda," na uani kwetu wanawake wakarudia "inapanda" kama kiitikio. Kisha ikapita palipotakiwa, ikaendelea.

"Toa! Toa chupa mbili! Unayapika, mchawi wewe!"

"Si umesema homa?"

"Homa ndogo!"

"Mtoto wa bahili, hata homa unapima!"

Ndivyo tulivyofanya kazi mchana ule na siku zilizofuata. Yeye alikuwa na moto na mikono, mimi nilikuwa na namba. Alikosea mara nyingi. Mara moja alisahau kabisa kwa sababu jeneza lilifika, na mara nyingine kijana wa jirani alifungua sanduku kuwaonyesha wenzake, nikamtukana mtani kwa ajili yake, naye akamtukana kijana kwa ajili yangu. Kuhusu kugeuza, alisema hana muda wa kukumbuka saa. Basi akawaagiza kina mama wa kwaya, wale walioimba spika inapopumzika: kila wakimaliza wimbo mkubwa wa asubuhi, wa mchana na wa jioni, wawili wananawa na kwenda kugeuza mayai. Alinitumia video. Wanawake wawili waliovaa vitambaa vyeusi kichwani, wanageuza yai moja moja wakiwa bado wanaimba kwa kunong'ona, nyuso zao zimetulia kama wanapanga maua.

Niliitazama ile video nikairudia. Kuta za chumba zilikuwa za buluu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuta za kampuni yangu ni za buluu. Kulikuwa na kalenda ya zamani, na ndoo ya kijani, na kurasa za mwongozo wangu zimekunjwa vizuri chini ya mguu wa meza ili sanduku lisiyumbe. Zilifanya kazi nzuri. Sanduku lilikuwa sawa kabisa.

Jinsi mwili wangu ulivyokuwa siku zile ni vigumu kueleza. Nilikuwa nimeishi na hofu moja tangu utotoni: kwamba kitu nisichokishika mwenyewe kitaanguka. Na sasa watu nisiowajua, katika nchi nisiyoijua, wakiwa wanamlilia mtu ambaye mimi sikuwa nimemlilia bado, walikuwa wanatoka kwenye kilio chao na kwenda kuyapa joto mayai ya msichana wa Bel-Air. Nililia basi. Nilikaa mkekani karibu na mama nikamlilia mjomba, simu ikiwa imelala kifudifudi kwenye godoro.

Mjomba alizikwa. Betri ilirudishwa ikiwa imekufa kabisa, haikuwahi kupona. Mpaka ulikuwa bado umefungwa, na kwa hiyo wale vifaranga hawakuvuka kamwe: waliokuja msibani kutoka vijiji na mitaa ya kule ndio waliowanunua, wakarudi makwao na maboksi yanayolia, na mtani alijichukulia boksi lake bila kuuliza, kama ilivyo haki yake. Si mayai yote yaliyofika kutotoa. Mengi yalifika. Yalitosha kununua mengine. Kampuni haikufa, na bado inaitwa kwa jina lile lile, na baada ya mpaka kufunguliwa baba ndiye aliyeshika safari za Katuba, mwenye shati na mahali pa kwenda.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Nataka kubaki kwenye mchana mmoja.

Ulikuwa mchana wa kuanua matanga kule Ndola. Simu ikalia, video. Ilikuwa ni yule mtani, uso wake wote ukiwa ndani ya kioo, mkubwa, wenye jino moja la dhahabu.

"Mvua," akasema, "kwa mara ya kwanza maishani mwako, nyamaza."

Akaishusha simu ndani ya sanduku. Kioo kikawa cheusi. Mwanzoni nilisikia mkwaruzo tu. Kisha, kwa mbali, kama mtu anayekuna ukuta kwa ukucha, na juu ya hapo sauti nyembamba, moja, ikajibiwa na nyingine. Vifaranga walikuwa bado ndani ya maganda. Walikuwa wanaitana kupitia maganda. Nilijua kutoka kwenye video zangu kwamba hufanya hivyo. Kujua hakukunisaidia kitu. Uani kwetu watu walisogea mmoja mmoja, binamu, jirani, mama na kanga yake ya kilio.

Ndipo nikasikia, nje ya sanduku, mtani akimwambia mtu, "Inuka, bahili, njoo usikie mali yako," na hatua za mtu aliyekaa chini siku nyingi. Pumzi ya Mama wa Ndola ikaja karibu na simu. Hakusema "nimesikia, mama." Alipumua tu, nami nikapumua upande wangu, na katikati yetu yale mayai yakiongea.

Baada ya muda nilikumbuka kazi.

"Maji ya moto mmeweka saa ngapi?" nikauliza.

"Maji gani?" mtani akajibu. "Leo watu wote walikuwa wanaanua matanga. Hatujaweka chupa tangu asubuhi. Zote za baridi, nimeshazitoa."

Niliifunga video nikafungua namba, nikitegemea kuiona chini kabisa. Haikuwa chini. Ilikuwa mahali pake. Nilidhani kipimajoto kimeharibika. Nikasubiri. Na mbele ya macho yangu, katika chumba kisicho na umeme, kwenye mji usio na umeme, wakati wa kipupwe, bila betri, bila chupa, bila moto, ile namba ikapanda kidogo. Ikatulia. Ikapanda tena.

Baba alikuwa amesimama nyuma yangu. Alikuwa ameacha kujifanya hatazami.

"Kule, nani anabawashia moto?" akauliza.

Nilikuwa ndio kwanza naelewa.

"Hakuna muntu, papa," nikasema. "Ni beye benyewe, mule mu mayai."

Akavuta kile kiti chake cha mlangoni, akakiweka karibu na changu, akakaa. Tukaitazama ile namba.